Maswali Yenu: Mbona Kipindi Chenye Watazamaji Kinafutwa?

Barua nyingi za safari hii zinahusu ratiba za usiku za mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani: nani kaongezewa msimu, nani kafutwa, na kwa sababu gani. Tumechukua tano.

Wahariri, salamu. Mimi hufuatilia takwimu za watazamaji kila wiki. Tamthilia ninayoipenda ilizishinda nyingine tatu za shirika lilelile, lakini hizo tatu zimebaki na yangu imefutwa. Je, kuna upendeleo?

Upo, ila huenda si ule unaoufikiria. Kabla ya kugusa namba, tazama majina yanayopita mwisho kabisa wa kipindi, uone studio iliyokitengeneza. Anayerusha na anayemiliki si lazima wawe mtu mmoja. Shirika huilipa studio ada ya kurusha kila sehemu, na kwa desturi ada hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kutengeneza. Pengo linabebwa na studio, ikitarajia kulifidia baadaye kwa kuuza marudio, kuuza nje ya nchi na kuuza kwa huduma za mtandaoni.

Chukua mfano wa kubuni. Sehemu moja inagharimu dola milioni 4, shirika linalipa milioni 2.5. Pengo ni milioni 1.5, na kwa msimu wa sehemu 22 linafika milioni 33. Ikiwa studio na shirika ni watoto wa kampuni moja, fedha hiyo imetoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, na faida ya mauzo ya baadaye itarudi nyumbani. Ikiwa studio ni ya nje, shirika linategemea zaidi matangazo ya biashara ya usiku ule. Yakipungua, hakuna kinachomzuia mwenye ratiba kupiga mstari.

Zamani haikuwa hivyo. Kanuni za mwaka 1970 za tume ya mawasiliano, FCC, ziliyazuia mashirika kuwa na hisa katika mauzo ya marudio ya vipindi vingi walivyorusha. Zililegezwa mwaka 1993 na miaka miwili baadaye zikaondoka, na tangu hapo jina la studio limekuwa na uzito kuliko namba nyingi. Mei 2018 Fox ilifuta *Brooklyn Nine-Nine* baada ya misimu 5, na kesho yake NBC ikaichukua. Studio yake ilikuwa Universal Television, ndugu wa NBC. Mwaka mmoja kabla, ABC ilikuwa imefuta *Last Man Standing*, iliyotengenezwa na studio ya 20th Century Fox. Fox ndiyo iliyoifufua.

Jambo la pili ni umri. Lengo la jadi lilikuwa sehemu 88, yaani misimu 4 ya sehemu 22, au 100 kamili, kwa sababu vituo vinavyonunua marudio huyarusha kila siku Jumatatu hadi Ijumaa: sehemu 100 zinatosha wiki 20 kabla ya kurudi mwanzo. Kwa hiyo kipindi cha msimu wa 3 chenye namba mbovu kinaweza kupona, maana kimebakiza hatua moja. Cha msimu wa 8 chenye namba nzuri kinaweza kuanguka, maana mikataba ya waigizaji imeshajadiliwa upya na gharama imepanda. Huduma za mtandaoni zimelegeza hesabu hii, lakini hazijaifuta.

Ukitaka kubashiri vizuri, chora safu nne kwenye daftari: mmiliki, sehemu zilizokwisha rushwa, pointi zake za watazamaji (tunazieleza katika jibu linalofuata), na wastani wa shirika lake. Wengi huandika ya tatu tu, kisha wanalia uonevu.

Nikiona “0.6/4” pembeni ya jina la kipindi, nisome vipi? Na kwa nini baada ya siku chache inakuwa 0.9?

Namba ya kwanza ni pointi, ya pili ni mgawo. Tuseme kuna watu 1,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 49, rika ambalo watangazaji wa biashara wamelilipia zaidi kwa muda mrefu. Watu 6 wanatazama kipindi chako: hiyo ni asilimia 0.6 ya wote, yaani pointi 0.6. Lakini saa ile waliowasha televisheni walikuwa 150 tu. Sita kati ya 150 ni asilimia 4, na huo ndio mgawo.

Nielsen, kampuni inayopima, hutoa kwanza hesabu ya siku yenyewe, ikijumuisha waliorekodi na kutazama kabla ya saa 9 usiku. Kisha huongeza ya siku 3, halafu ya siku 7. Ndiyo maana 0.6 inakua hadi 0.9. Usifurahi haraka. Tangu mwaka 2007 biashara ya matangazo imekuwa ikifanyika kwa kipimo kingine, C3: wastani wa watazamaji wa dakika za matangazo, kwa siku 3. Aliyerekodi na kuruka matangazo anahesabika kwenye siku 7, ila kwenye C3 dakika alizoziruka hazimo.

Makosa mawili yanajirudia kila wiki. La kwanza ni kulinganisha namba ya usiku mmoja ya kipindi hiki na ya siku 7 ya kile. La pili ni Jumapili ya mpira. Hesabu za awali hufuata saa, hazifuati kipindi. Mchezo wa CBS ukizidi muda kwa dakika 20, dakika hizo 20 za mpira zinaingia kwenye nafasi ya *60 Minutes*, na kila kinachofuata kinaonekana kimepanda. Namba kamili zikitoka, wanaoshangilia hunyamaza. Jumapili ya namna hiyo, subiri.

Mbona Fox inamaliza tamthilia zake saa 4 usiku na wengine wanaendelea?

Usiku mkuu wa Marekani ni saa 2 hadi saa 5 kwa saa za Mashariki na Pasifiki, na huanza saa moja mapema zaidi katika majimbo ya kati. Jumapili unaanza saa 1. ABC, CBS na NBC hujaza saa 22 kwa wiki. Fox hujaza 15, na saa 4 vituo washirika wake, yaani vituo vya miji vinavyorusha vipindi vyake, vinaingia na taarifa zao za habari. Nafasi chache maana yake kipindi kipya kikiingia, kuna cha zamani kinachotoka.

Saa hiyo ya mwisho ina wenyewe. Septemba 2009 NBC iliweka kipindi cha mazungumzo cha Jay Leno saa 4 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kuwa kilikuwa rahisi kuliko tamthilia 5. Watazamaji walipungua, na vituo washirika vikalalamika kwamba taarifa zao za saa 5 zimepoteza watu. Februari 2010 kilikuwa kimeondoka.

Tamthilia yangu mpya imehamishiwa Ijumaa. Nianze kuomboleza?

Ijumaa, hapana. Sifa yake mbaya ni ya zamani: *Star Trek* ilisukumwa hadi Ijumaa saa 4 usiku kwa msimu wa 1968–69 na haikuongezewa mwingine. Siku hizi shirika linajua Ijumaa ina watu wachache, na linapima kwa kipimo hicho. Kuhamishiwa Jumamosi ndiyo habari mbaya: hapo wanamalizia sehemu walizokwisha zilipia.

Dalili nyingine ni hesabu ya sehemu. Kwa desturi tamthilia mpya iliagizwa sehemu 13, ikifanya vizuri inaongezewa 9. Ukisikia Novemba kwamba “itabaki na 13”, jua imekwisha, hata kama neno kufutwa halijatamkwa. Ila msimu wa 2023–24 usiuhesabu: waandishi waligoma siku 148 na waigizaji 118, na tamthilia nyingi zikapewa sehemu 10 hadi 13 kwa kukosa muda.

Sisi mashabiki tunaweza kuokoa kipindi? Tuandike kwa nani?

Mnaweza, mkiwahi. Mei 2007 CBS ilifuta *Jericho*. Mashabiki wakaitumia CBS njugu kwa tani, wakirejea neno “nuts” (njugu) lililosemwa kwenye sehemu ya mwisho, na shirika likarudisha kipindi kwa sehemu 7 mwaka 2008. Zikaisha, nacho kikaisha.

Kinachowabana ni kalenda. Mashirika huwaonyesha watangazaji wa biashara ratiba mpya katikati ya Mei, New York. Haki ya studio kuwashikilia waigizaji mara nyingi huisha Juni 30, na baada ya hapo kila mmoja yuko huru kwenda kwingine. Mandhari ya studio nayo hubomolewa kupisha kazi nyingine. Mwaka 2023 CBS ilitangaza kuifuta *S.W.A.T.*, na kabla wiki haijaisha ikabadili uamuzi na kuipa sehemu 13. Haraka ile iliwezekana kwa kuwa timu ilikuwa bado haijatawanyika.

Kwa hiyo msiandikie shirika lililofuta peke yake. Iandikieni studio, maana ndiyo yenye haki ya kuuza kwingine. Watajieni watangazaji wa biashara mliowaona ndani ya kipindi hicho, kwa majina. Na tazameni kwenye jukwaa halali la shirika ndani ya siku 7, sehemu nzima hadi mwisho. Nakala ya kuiba haiingii kwenye hesabu ya mtu yeyote.