Gunia la makaa ya yaa

Wiki hii mmeuliza: ni mnyama au mmea gani wa kwenu ambao unaona wajukuu hawataukuta? Najua wengi watamtaja sokwe wa msitu wa Budongo, au yule korongo mwenye taji aliye kwenye bendera yetu. Sina ubishi nao. Lakini sokwe ana askari wa kumlinda na watalii wanaolipa kumwona. Mimi niko Gulu, kaskazini mwa Uganda, na ninautaja yaa, mti ambao wengine mnaujua kwa jina la shea. Sijawahi kuona mtalii akilipa kuupiga picha.

Yaa kwetu haukuwa wa kupandwa. Huota wenyewe shambani, na wazee walipofyeka waliuacha, wakalima mtama na simsim chini yake. Ukiota leo, utangoja miaka 15 hata 20 ndipo uzae. Kuukata ni nusu siku.

Mafuta yake, moo yaa, nilifundishwa kuyatengeneza na mama mkwe. Tunda huanguka lenyewe. Unakula nyama yake, tamu, kisha kokwa unaianika, unaivunja, unaikaanga, unaitwanga na kuisaga mpaka iwe rojo la rangi ya kahawia. Halafu unalikanda kwa maji, unakanda mpaka bega linalia. Mafuta yakipanda juu unayaengua, unayachemsha. Ya kwetu ni laini, hayagandi kama yale ya Afrika Magharibi. Kijiko kimoja juu ya malakwang, mboga yetu ya majani machachu, na jirani anajua umepika nini. (Wageni husema yananuka. Shauri yao.)

Zamani nikitoka kwake nilibeba jerikeni ya lita tano. Safari ya mwisho alinipa chupa ya soda, tena haikujaa.

Wakati wa vita vya waasi wa LRA watu walikuwa kambini na miti ikapumzika. Waliporudi nyumbani walihitaji mabati na ada ya shule, na malori ya makaa hayakuchelewa. Kuna jambo hatupendi kulisema: wanaookota kokwa ni wanawake, lakini anayeuza mti ni mwenye ardhi, na huyo mara nyingi ni mwanaume. Yeye hapati hasara jikoni.

Mwezi wa tano 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa huku kaskazini. Nilifurahi. Mtaani kwetu makaa hayakukoma, ila yalianza kufika usiku.

Na mimi simo nje ya kesi hii. Mwaka jana nilinunua gunia, nikaona ni zito kuliko kawaida. Nikamwuliza muuzaji, akajisifu: "Mama, hiyo ni yaa. Unawasha asubuhi, jioni bado lina moto." Kweli. Maharage yaliiva na makaa yakabaki kwenye sigiri. Nikapika juu ya mti wa mama mkwe, nikaungia chakula mafuta ya mti huohuo, siku ileile. Gunia sikulirudisha, pesa ilikwisha toka.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, namwuliza ni makaa ya mti gani. Mara mbili za kwanza alicheka. Siku hizi hanipi nafasi, ananijibu kabla sijafungua mdomo: mwembe, mama. Kila gunia ni mwembe, na yote mazito vilevile.