Mkwawa, Nyundo na fuvu la Bremen: majibu kwa wasomaji

Nilipomtaja Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, maswali yalimiminika. Haya manne yanatosha kwa leo.

*Mzee, kweli mikuki ilishinda bunduki pale Lugalo?*

Ilishinda, tena kufumba na kufumbua. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa akipitisha jeshi lake kwenye njia nyembamba iliyozungukwa na vichaka. Askari walikuwa msururu mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, na bombomu zao (bunduki za rashasha) zimo kwenye mizigo. Wahehe wamelala majanini, kimya. Bunduki moja ikalia, wakainuka wote. Hebu jiweke mahali pa askari yule: umefyatua risasi moja, unatafuta ya pili, na mwenye mkuki yuko kifuani kwako. Nyundo alifia hapo pamoja na askari zaidi ya 200. Wahehe nao walizika wengi, ingawa wasimulizi wetu hupita hapo mbiombio.

*Sasa Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka vipi?*

Kwa mizinga, Oktoba 1894. Ukuta wa mawe unazuia mkuki, si mzinga. Lakini Mkwawa alitoroka, na kwa karibu miaka minne akawahangaisha Wajerumani porini. Wakamtawaza ndugu yake, Mpangile. Haikupita hata miezi mingi wakamnyonga, 1897, wakidai anamsaidia kaka yake kwa siri.

*Nani alimuua Mkwawa?*

Alijiua kwa risasi, huko Mlambalasi, 19 Julai 1898. Kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Sajini Merkl alipomkuta amelala alimpiga risasi, kumbe anapiga maiti.

*Lile fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani ni lake kweli, au tulibambikiwa?*

Kaka, hapo pana utata. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi sita kulirudisha. Likaja 1954! Twining, gavana wa Tanganyika, alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kuwa lina tundu la risasi na vipimo vyake vinakaribiana na vya vichwa vya watu wa ukoo wake. Akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mimi vipimo vya namna hiyo havinitoshi. Ila ukifika makumbusho ya Kalenga, usiwaambie wazee hivyo kabla hawajakukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi.