Kapteni aligeuza Songwe akarudi Dar: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu tabia za marubani wawapo kazini. Nimeyafupisha, majina nimeyaacha, nimebakiza mahali mlikotoka.

Shikamoo. Nilipanda ndege ya asubuhi kutoka Dar, mzigo wangu ukinisubiri mpakani. Tulipofika kiwanja cha Songwe, Mbeya, tukashuka hadi nikaona mashamba, mara injini zikanguruma, tukapanda tena. Kapteni akatangaza tunarudi Dar. Abiria wenzangu wakasema huyo ni mgeni, rubani mwenyeji angetua. Ni kweli? (Mfanyabiashara, Tunduma)

Marahaba, na pole kwa mzigo. Si kweli. Wewe uliona kilichokuwa chini ya bawa, rubani anatakiwa aone kilicho mbele ya pua ya ndege. Mashamba ya pembeni yanaweza kuonekana kwenye upenyo wa wingu huku njia ya kutua imefunikwa yote. Kiwanja chenye utaratibu wa kushuka ndani ya mawingu kina chati inayotaja kimo cha mwisho cha kushuka. Ukifika hapo hujaiona njia wala taa zake, unapanda. Hakuna kujiongezea futi hamsini za kubahatisha, na uenyeji haubadilishi namba hiyo. Mimi nadhani mwenyeji ndiye wa kuchungwa zaidi, maana ndiye anayeweza kujiambia "mlima ule naujua, kona ile naijua".

Kuna sharti la pili ambalo abiria halioni. Ndege inayoshuka ndani ya mawingu inatakiwa iwe imetulia ifikapo futi 1,000 juu ya kiwanja: magurudumu yako nje, mwendo ni uliopangwa, mstari umenyooka, haiporomoki kwa kasi. Rubani mmoja anaendesha, mwenzake anasoma vipimo kwa sauti. Mkono wa anayeendesha uko kwenye vishikio vya nguvu za injini, tayari kusukuma mbele. Kimoja kikikosekana wanapanda, hata kama njia inaonekana. Mngurumo uliokushtua ni zoezi wanalolirudia kila wanapoingia kwenye simuleta, mashine ya ardhini inayoiga ndege kwa mazoezi.

Na mafuta ya kugeuza yalikuwemo tangu Dar. Ndege hubeba ya kufikia, ya kwenda kiwanja cha akiba, na juu yake ya dakika 30 za kuzunguka hewani.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliyokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliishia Ziwa Victoria, watu 19 kati ya 43 wakafa. Tangu hapo sina subira na abiria anayesema "si angejaribu tu".

Kaka yangu ni fundi wa ndege. Anasema marubani wamekatazwa kupiga stori. Kutoka Dar hadi Mbeya wote wanakaa kimya kama wako kwenye chumba cha mtihani? (Mwanafunzi, Makambako)

Kaka yako amekupa nusu. Ndege ikishakaa kwenye kimo chake cha safari wanaongea kama watu wengine: Simba na Yanga, ada za watoto, bei ya mbolea. Kinachokatazwa ni maongezi yasiyo ya kazi wakati wa kutembea ardhini, kupaa, kushuka na kutua. Marekani waliliandika sharti hilo mwaka 1981 na kuweka mpaka wa futi 10,000: ndege ikiwa chini ya hapo inapopaa au kushuka, stori basi. Mashirika mengi duniani yanalifuata, na linawahusu hata wahudumu: wakati huo hawapigi simu mbele kuuliza chai.

Chanzo chake ni ajali kadhaa, na inayotajwa zaidi ni ya 11 Septemba 1974. DC-9 ya Eastern Air Lines ilikuwa inashuka Charlotte, Marekani, asubuhi ya ukungu. Kinasa sauti kilionyesha marubani wakizungumza siasa na magari yaliyotumika huku kimo kikiwapotea. Waligonga ardhi kabla ya kufika kiwanjani. Kati ya watu 82, walikufa 72.

Ungedhani somo limeeleweka. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani. Ilikuwa Dash 8-400, aina ambayo Air Tanzania nao wanayo, na mashine haikuwa na kasoro. Marubani walikuwa wakishuka huku wakisimuliana mambo ya ajira zao na uzoefu wao wa kuruka kwenye barafu. Mwendo ukapungua bila wao kugundua. Usukani ukaanza kutetemeka, ndiyo namna ndege hiyo inavyoonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Kapteni akauvuta kuelekea kifuani badala ya kuusukuma. Wote 49 waliokuwemo walikufa, na mtu mmoja ndani ya nyumba waliyoiangukia.

Kwa sisi wa nyanda za juu futi 10,000 ni mpaka wa kuangaliwa mara mbili. Futi hizo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, na kiwanja cha Songwe kimekaa zaidi ya mita 1,300 juu yake. Ndege inayokuja kwetu ikifika futi 10,000, ardhi ya Songwe iko kama futi 5,600 tu chini yake, na kilele cha Rungwe, karibu mita 2,960, kinafika futi 9,700. Ningekuwa kapteni wa njia hii, stori ningezifunga mapema kuliko kitabu kinavyodai.

Eti marubani wawili hawali chakula cha aina moja? (Msomaji, Njombe)

Mashirika mengi yanataka hivyo, ili chakula kikiwa kibovu kisiwalaze wote wawili. Ni utaratibu wa shirika zaidi kuliko sheria ya nchi. Safari za kuja huku ni fupi, mara nyingi wanaishia kwenye maji na karanga.

Kamwene. Mwanangu ni rubani msaidizi. Amekuja likizo anatusimulia kwamba kazini anatakiwa kumkatalia kapteni, mtu wa umri wa baba yake. Hapa tumemlea kwa heshima, mkubwa habishiwi. Wanamharibu mtoto? (Mama, Kalenga, Iringa)

Kamwene mama. Hawamharibu. Swali lako nimekaa nalo muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu linagusa ajali iliyoua watu wengi zaidi ya nyingine yoyote ya ndege za abiria kugongana.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, Hispania, ukungu umetanda. Boeing 747 mbili ziko kwenye njia moja ya kurukia, moja ya KLM na moja ya Pan Am, na hazionani. Kapteni wa KLM alikuwa mkufunzi mkuu, mtu mzito katika shirika lake. Anaanza kusukuma injini, rubani msaidizi anamkumbusha kwamba bado hawajapewa ruhusa. Anasimama. Muda mfupi baadaye anaondoka tena, ruhusa ya kuruka haijatoka, na safari hii msaidizi hamzuii. Fundi injini aliyekaa nyuma yao anauliza: yule wa Pan Am hajatoka njiani? Kapteni anajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Fundi ananyamaza. Walikufa watu 583.

Angalia, mama, hakuna aliyekosa kuona. Msaidizi alikumbusha mara moja, fundi aliuliza mara moja, wote kwa adabu. Walichokosa ni mara ya pili.

Ndiyo maana siku hizi kijana wako anafundishwa namna ya kusema kwa ngazi. Kwanza anauliza: "Kapteni, mwendo huu ni sawa?" Hasikilizwi, anapendekeza: "Kapteni, napendekeza tupande." Bado, anatamka kwa sauti ya juu: "Kapteni, panda!" Na katika mashirika mengi, kapteni asipojibu mara mbili, msaidizi anachukua usukani. Hii ya mwisho haina dharau hata kidogo, kwani kapteni asiyejibu anaweza kuwa amezimia.

Wapo wanaodai tatizo hili ni letu Waafrika, au la Waasia, kwa ajili ya kuamkia wakubwa. Wale wa Tenerife walikuwa Waholanzi. Lakini nakubaliana nawe kwamba kijana aliyelelewa Kalenga ana kazi ya ziada, na nadhani mzigo mkubwa ni wa kapteni kuliko wa mtoto. Kapteni mzuri humaliza jambo hili chini, kabla hawajawasha injini: "Ukiona kitu hukielewi, nistopishe, hata kama una wasiwasi tu." Akitamka hivyo, kumkatiza kunakuwa kumtii. Asipotamka, kijana anaingia hewani akiwa na kazi mbili, ya ndege na ya kumsoma mzee usoni.

Shikamoo aendelee kuitoa, nyumbani na pale kwenye chumba cha kupangia safari.

Niliwaona marubani wawili hotelini Mbeya mjini saa mbili usiku, mmoja ana bia. Asubuhi ya saa nne nikamkuta ndiye anayeturusha. Nilikosea kupanda? (Msomaji, Mafinga)

Kwa maelezo yako, hapana. Saa mbili usiku hadi saa nne asubuhi ni saa 14. Sheria ya Marekani inataka angalau saa 8 kati ya kinywaji na kazi, na kilevi kwenye damu kisifike asilimia 0.04. Mashirika mengi huongeza hadi saa 12. Saa peke yake hazimtoshi lakini, kwani kanuni za kimataifa zinamkataza yeyote aliye chini ya athari ya kilevi kufanya kazi, hata saa zikiwa zimetimia. Aliyekunywa kreti zima hawezi kujitetea kwa saa ya mkononi.

Ukimwona rubani anayumba au ananuka pombe pale kiwanjani, mwambie mhudumu au mtu wa shirika kabla mlango haujafungwa. Video ya kurusha mtandaoni baada ya kutua haimsaidii aliyepanda.

Mimi binafsi bia ya jana hainitishi sana, usingizi ndio unanitisha. Tarehe 25 Januari 2024 ndege ya Batik Air, Indonesia, iliruka dakika 28 marubani wote wawili wamelala, ina abiria 153. Kapteni alikuwa amepumzika kwa makubaliano na mwenzake. Mwenzake, aliyekuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani, naye akapitiwa. Walitua salama. Huyo hakuna ambaye angemnusa mlangoni.

Miaka ya nyuma nilimpeleka mwanangu mbele kuwasalimia marubani tukiwa angani, wakamwonyesha saa na taa zote. Sasa namleta mjukuu, tumekataliwa. Utu umekwenda wapi? (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Shikamoo mwalimu. Utu upo, mlango ndio umefungwa. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 milango ya mbele ya ndege za abiria iliimarishwa na hufungwa safari nzima, asiyehusika hapiti.

Hata kabla ya hapo palikuwa na sababu. Tarehe 23 Machi 1994, Airbus A310 ya Aeroflot ikiwa juu ya Siberia, kapteni aliwakalisha wanawe kwenye kiti chake, mmoja baada ya mwingine. Kijana wa kiume aliukaza usukani hadi sehemu ya mtambo unaoiendesha ndege bila mkono wa rubani ikajiachia, na marubani hawakugundua kwa wakati. Walikufa wote 75.

Mjukuu bado anaweza kuwaona. Fikeni mapema, na mkishaingia ndani, injini zikiwa bado zimezimwa, mwombe mhudumu wa mlangoni awaulize marubani. Kukiwa na nafasi kapteni anaweza kukubali, dakika mbili tatu hivi. Mkifika wakiwa wanasomeana orodha ya ukaguzi, wasubirini wamalize. Wakikataa, ombeni tena mkishatua na abiria wengine wakishashuka, hapo ndipo wanakuwa na muda zaidi.