Methani Hiyo Imetoka Wapi?

Wadogo zangu, kila likiingia kundi jipya la uzamili naletewa grafu ileile ya jaribio la kugeuza kaboni dioksidi kuwa methani kwa mwanga na kichocheo: methani inapanda vizuri mwanzoni, kisha inalala, na chini yake mtu ameandika "kichocheo kimechoka". Kabla hamjaniletea nyingine, someni haya.

1. Majaribio ya udhibiti ni matatu: gizani, bila kichocheo, na kwa agoni, gesi isiyo na kaboni, badala ya kaboni dioksidi. Hilo la tatu mnaliruka, na ndilo lenye hukumu.

Tuliwahi kutengeneza kichocheo cha titani dioksidi kwa njia ya sol-geli (myeyusho unaogeuzwa jeli), kutoka titani isopropoksidi, ambayo ina kaboni ndani yake, tukapachika nanochembe za shaba juu yake. Tukawasha taa ya xenoni. Kwenye GC, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, vilele vya methani na kaboni monoksidi vikasimama wima. Mwanafunzi wangu akaandika ikisiri ya mkutano, nami nikampongeza mbele ya wenzake badala ya kumuuliza jaribio la agoni liko wapi. Alipolifanya hatimaye, methani ilitoka karibu kiasi kilekile, na ndani ya reakta hatukuwa tumeingiza kaboni dioksidi kabisa. Kaboni ile ilikuwa masalia ya isopropoksidi, pamoja na asetoni tuliyooshea unga. Mwanga ulikuwa ukivunja uchafu wetu wenyewe. Uchafu ulipopungua, grafu ikalala. Ilibidi nimwambie binti wa watu aiondoe ikisiri ile. Liliniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa onyo lilikuwepo: mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi, kwa kutumia kaboni-13, yaani kaboni nzito inayoweza kufuatiliwa, walionyesha kwamba masalia ya kaboni juu ya titani dioksidi yenye shaba yanashiriki kutoa kaboni monoksidi. Mimi nilikuwa nimelisoma onyo hilo.

Basi washeni taa kwa muda mrefu juu ya kichocheo kikiwa na mvuke wa maji tu, mpaka GC inyamaze. Ndipo muingize gesi.

2. Tumieni kaboni dioksidi ya kaboni-13, ili mjue kama methani imetoka kwenye gesi hiyo au kwenye uchafu. Kaboni monoksidi yake itafuteni kwenye tungamo 29 katika spektromita ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli, maana kwenye 28 naitrojeni ya hewa iliyovuja nayo ipo. Methani ya kaboni-13 inasoma 17, na maji pia yana kipande cha 17, kwa hiyo zitenganisheni kwanza kwenye kolamu ya GC.

3. Oksijeni iko wapi? Kuunda molekuli moja ya methani kutoka kaboni dioksidi kunakula elektroni 8. Kama elektroni hizo zimetoka kwenye maji, lazima zije na molekuli mbili za oksijeni. Ukiweka triethanolamini, kemikali ya kutoa elektroni badala ya maji, sema wazi kwamba yeye ndiye aliyetoa elektroni. Msimwite maji.

4. Anatasi, aina ya fuwele ya titani dioksidi, ina pengo la nishati la 3.2 eV, yaani inahitaji mwanga wa takribani nanomita 387 au mfupi zaidi. Mtu anaweka kichujio kinachozuia mwanga ulio chini ya nanomita 420 juu ya anatasi tupu halafu anashangaa! Mwanangu, ulitarajia nini?

5. Kuripoti mazao kwa mikromoli kwa gramu kwa saa peke yake hakutoshi. Ukipunguza unga wa kichocheo, namba inapanda yenyewe. Andikeni uzito, nguvu ya mwanga na eneo lililomulikwa.

6. Grisi ya viungio vya reakta nayo ina kaboni, kwa hiyo nayo ni uchafu wa kushukiwa.

Nawapenda na kazi hii naipenda; ndiyo maana napiga kelele. Chupa ya kaboni-13 ni ghali, kwa hiyo asiifungue mtu kabla hajanionyesha matokeo ya agoni.