Muulize daktari wa meno: mwanya wako ulianza lini?

Barua za safari hii karibu zote ni za mwanya, nimeona nizijibu kwa mkupuo mmoja. Mtaona kwa kila mtu natazama kwanza jambo lile lile, mwanya ulianza lini? Kwa sababu mwanya uliokua nao tangu meno yanaota na mwanya uliofunguka ukubwani ni vitu viwili tofauti kabisa, wa kwanza mara nyingi hauna ugonjwa ndani yake, wa pili mara nyingi unao.

Dokta, binti yangu ana miaka 8. Meno mawili makubwa ya mbele juu yameota yakiwa mbalimbali, na yale ya pembeni yake nayo yameelekea nje. Wenzake wanamtania hadi siku hizi anacheka amefunika mdomo. Shangazi yake anasema tumuwekee waya sasa hivi kabla mfupa haujakomaa. Na kuna mtu katuambia akatwe ile nyama ya juu ya fizi. Tuharakishe?

Hapana mama, usiharakishe, ila usikae bila kumpeleka akaangaliwe pia. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, mtu mzima ana 32, na yale mapya ya mbele ni mapana kuliko yaliyotangulia, kwa hiyo nafasi kati ya meno ya utotoni ni akiba. Mimi nikiona mtoto wa miaka 5 meno yamebanana hata uzi haupiti ndo napata wasiwasi, kwa sababu najua makubwa yakija yatagombania nafasi.

Sasa hiyo hali ya binti yako, meno ya mbele kufunguka kama vidole ukivitanua, inakuja sana kati ya miaka 7 na 11. Sababu yake huioni kwa macho. Chonge za juu bado ziko ndani ya mfupa, huko juu pembeni ya pua, na zikiwa njiani zinashuka zinabana mizizi ya meno ya jirani, mizizi ikisukumwa kuja katikati basi vichwa vya meno vinafunguka kwenda nje. Zikishafika chini, kwa wengi ni miaka 11 au 12 hivi, zinavisukuma vile vichwa navyo virudi katikati na mwanya unajifunga wenyewe au unabaki mdogo sana. Ukimuwekea waya leo kwa ajili ya mwanya tu unaweza ukawa unahangaika na kitu ambacho mwili ulikua unakimaliza wenyewe.

Lakini kuna mambo yananifanya nisisubiri. Mwanya ukizidi milimita 2 uwezekano wa kujifunga wenyewe unapungua. Jino moja la mbele limeota na la pili yake miezi 6 imepita halijaonekana, hapo nataka picha ya eksirei, maana mara nyingine kuna jino la ziada limejificha katikati ya mfupa limekaa kama kijiwe na kuzuia wenzake. Picha hiyo hiyo inaonyesha kama meno ya pembeni yapo kweli au hayakuumbwa kabisa, watu wengine hawana, na meno yaliyobaki yanasambaa kwenye nafasi iliyo wazi. Na kama bado ananyonya kidole, hiyo inatakiwa iachwe, kwa upole lakini, sio kwa viboko wala pilipili.

Ile nyama, kile kiuzi kinachounganisha mdomo wa juu na fizi, unaweza kukiangalia mwenyewe nyumbani. Mkalishe mtoto penye mwanga, nyanyua mdomo wake wa juu taratibu uuvute kidogo mbele, angalia fizi iliyo katikati ya yale meno mawili na ile ya nyuma yake upande wa ndani. Ikipauka ikawa nyeupe wakati unavuta basi kiuzi kimepita katikati ya meno na huenda kinachangia. Hata hivyo hatukikati sasa. Tukikata mapema panabaki kovu, na kovu lile ni gumu, linaweza kuzuia meno yasikutane. Kwa kawaida tunasubiri chonge zishuke, kama mwanya bado upo tunaufunga kwa waya, ndo tunakata mwishoni.

Kuhusu kutaniwa, mama hilo naomba lisisubiri chonge. Ongea na mwalimu wake wiki hii, na binti mwenyewe mueleze kwa maneno mepesi kwamba kuna meno mengine yako njiani yanakuja kukaa pembeni ya haya. Watoto nikiwaonyesha picha ya eksirei wakaona chonge zao ziko kule juu zinasubiri zamu huwa wanafurahi sana, unaona kabisa mkono unatoka mdomoni.

Nina miaka 46. Maisha yangu yote meno yalikua yamepangana vizuri, ila kama miaka miwili hii umetokea mwanya katikati juu na unaongezeka, jino moja naona kama limerefuka. Hayaumi. Zamani nikipiga mswaki damu ilitoka, siku hizi ni kidogo sana. Navuta sigara na nina kisukari. Mwanangu anaoa karibuni, nataka kuzibwa tu pale mbele nipendeze kwenye picha.

Kaka yangu barua yako nimeisoma mara mbili, na naomba unisikilize kabla hujamruhusu mtu yeyote aizibe hiyo nafasi. Meno ya mtu mzima hayahami bila sababu. Yakiwa yamekaa sawa miaka 40 alafu yanaanza kuachana, mara nyingi maana yake kilichokua kinayashika kimepungua, na kinachoyashika ni mfupa.

Inaanza hivi. Utando laini wa bakteria unakaa kwenye shingo ya jino pale linapokutana na fizi, usiposafishwa unagandia unakua ugaga, ugaga unaingia chini ya fizi, mwili unapigana nao, na kwenye hiyo vita mfupa ndo unaliwa. Taratibu sana, bila maumivu, ndo ubaya wake. Jino likibaki na mfupa kidogo linasukumwa na chochote kile, ulimi ukimeza mate, meno ya chini yakigonga wakati wa kutafuna, basi linaenda mbele na linashuka, we unaliona limerefuka. Fizi nayo imerudi nyuma, sehemu unayoiona imeongezeka ni mzizi.

Hiyo damu kupungua isikupe moyo. Sigara inafanya fizi zitoe damu kidogo hata kama zinaumwa, kwa hiyo mvutaji anakosa ile alama ya hatari ambayo mtu mwingine angeiona kwenye mswaki. Na kisukari kisipodhibitiwa kinaufanya ugonjwa wa fizi uende mbio, na ugonjwa wa fizi nao unafanya sukari iwe ngumu kushuka. Vinavutana huku na huku. Kwa hiyo anayekutibu kisukari na anayekutibu meno wote wajue habari za mwenzake.

Ukifika, daktari atapima fizi kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, atakipitisha taratibu kati ya jino na fizi. Kwenye fizi nzima kinaingia milimita 1 hadi 3. Kikianza kuzama 5, 6, 7, hapo kuna mfuko umetengenezeka na mfupa umeondoka. Atakupiga eksirei, alafu kazi yenyewe ni kusafisha chini ya fizi, mara nyingi kwa ganzi, sio ile ya dakika kumi ya kung'arisha meno. Baada ya wiki kadhaa anapima tena kuona mifuko imepungua. Nyumbani unarudi kupiga mswaki pale pale ulipopaogopa, na viburashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno kila siku. Na sigara kaka, hapo hakuna njia ya katikati, mvutaji anapona fizi polepole na vibaya kuliko asiyevuta.

Ukizibwa tu sasa hivi kwa ajili ya picha, dawa itashikishwa kwenye meno yanayotembea, utando utapata sehemu mpya ya kujificha, na baada ya muda utakua na mwanya mwingine pembeni. Fizi zikitulia mambo yanabadilika. Mara nyingine mwanya mdogo wa namna hii unapungua wenyewe uvimbe ukiisha, na usipopungua mtu mzima anaweza kuvaa waya vizuri tu, sharti ugonjwa uwe umezimwa kwanza, maana kusukuma jino kwenye fizi inayoumwa ni kumalizia mfupa uliobaki. Ila wiki hii weka miadi. Picha za harusi utapiga, meno yako yakiwa bado mdomoni.

Nina miaka 19, nimeona video wanafunga rababendi ndogo kwenye meno mawili ya mbele, mwanya unafunga ndani ya wiki. Nimeanza siku 4 zilizopita na naona unafunga kweli. Niendelee?

Itoe leo dada. Ukiisoma barua hii na imo mdomoni, iweke chini simu uitoe, na kama huioni usiseme labda imedondoka, nenda kwa daktari wa meno leo hii.

Mzizi wa jino ni mwembamba kuelekea ncha, kama karoti. Mpira unaobana kitu cha umbo hilo hautulii, unateleza kwenda kwenye wembamba, na wembamba uko ndani ya fizi. Unazama, huuoni tena, unaendelea kubana huko huko ukikata nyuzi zinazoshika jino na kula mfupa kuuzunguka mzizi. Nilishampokea msichana wa rika lako, fizi imevimba ina rangi ya zambarau, meno mawili yamesogeleana kwelikweli ila yanacheza ukiyagusa kwa kidole. Alisema mpira aliufunga miezi kadhaa nyuma akadhani aliumeza usingizini. Nilipofungua fizi kwa ganzi ulikuwepo, umeuzunguka mzizi juu kabisa, mdogo kuliko punje ya mchele ukiukunja. Tuliutoa. Jino moja halikupona.

Najua utasema hata wenye waya wanawekewa vimpira. Ni kweli, ila vile vimening'inizwa kwenye vidude vilivyogundishwa kwenye jino, haviwezi kupanda, na kuna mtu anaviangalia kila baada ya wiki chache. Na hata huko kufunga unakokuona ni vichwa vya meno vimeinama vikagusana, mizizi bado iko mbali. Hata kama umeutoa mzima na hauna maumivu, nenda wapime fizi.

Niling'oa gego la chini miaka 5 iliyopita sikuweka kitu. Sasa chakula kinaingia kati ya meno mengine ambayo zamani hayakua na nafasi. Inahusiana?

Inahusiana sana. Gego la nyuma limeanza kulalia kwenye pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake wa kutafuna naye, na wakihama wanaacha nafasi walikotoka. Usichokonoe na njiti, unaumiza fizi, tumia uzi wa meno au kiburashi. Pengo linaweza kuwekewa daraja (jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani), implanti (jino la bandia linalopandikizwa kwenye mfupa) au jino la kuvaa na kuvua, ila yakiwa yamelala sana yanasimamishwa kwanza.

Miaka 27, mwanya wangu nimekua nao, fizi daktari kasema ziko safi. Nachanganyikiwa kati ya kuziba na dawa nyeupe, vinia (vile vigamba vyembamba vya kugundisha mbele ya jino), na waya. Rafiki yangu alivaa waya karibu miaka miwili, sasa mwanya umerudi.

Kwanza nikuulize, unakusumbua wewe au unawasumbua watu? Mwanya kama wako sio ugonjwa, kuna wanaoupenda kwelikweli, na kuuacha ulivyo ni uamuzi halali kabisa.

Kama unataka kuufunga, inategemea na ukubwa wake na ukubwa wa meno. Dawa nyeupe, inaitwa kompositi, inaongezwa pembeni ya meno yote mawili, mara nyingi kikao kimoja bila kuchimba. Inakaa kama miaka 5 hadi 7, inaweza kumeguka ukizoea kung'ata kalamu, na inashika rangi ya chai na kahawa. Kwa mwanya mdogo mimi naipenda, hasa kwa sababu ukibadili mawazo inaondolewa na jino lako lipo vile vile. Kwa mwanya mkubwa meno yanatoka mapana mno. Vinia zinapendeza na zinadumu zaidi, ila mara nyingi jino linaparuliwa ngozi yake ngumu ya juu na hiyo haioti tena, kwa miaka 27 na meno mazima sikimbilii huko.

Waya ndo inayosogeza meno yenyewe, mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, kama milimita 1 kwa mwezi. Ila nyuzi za fizi zimezoea pale pa zamani na zinayavuta meno yarudi, na mwanya wa katikati ni kati ya vitu vinavyopenda sana kurudi. Nadhani ndo kilichompata rafiki yako, labda aliacha kuvaa riteina, kile kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa, au ana tabia ya kusukuma ulimi kwenye meno kila akimeza na hakuna aliyeiangalia. Kwa hiyo kabla hawajakugundishia kidude hata kimoja muulize daktari wako baada ya hapa meno yangu yatashikwa na nini, na kama atakuwekea kiwaya chembamba cha kudumu nyuma ya yale meno mawili. Akikujibu kwa kirefu bila haraka, hapo umefika.