Tozo ya simu za intaneti: ipinge kwa hesabu, tena mapema

Mfanyabiashara wa Kibirizi, Kigoma, mwenye mteja Bujumbura, Uvira au Kalemie hana sababu ya kupiga simu ya kawaida kuvuka Ziwa Tanganyika. Anawasha data, anapiga WhatsApp, bei ya dagaa au mawese inakubaliwa. Simu hiyo ndiyo inayotamaniwa kila serikali inapotafuta chanzo kipya cha mapato, na tunaitetea waziwazi dhidi ya tozo yoyote itakayopendekezwa: mtumiaji wake ameshalipa kodi kabla hata hajabonyeza namba.

Anza na hesabu hiyo, maana ndiyo yenye nguvu kuliko malalamiko yote. Mwaka wa fedha 2024/25 huduma za mawasiliano Tanzania zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla. Kwa viwango hivyo, ukinunua bando la shilingi 1,000, huduma yenyewe ni kama 724, ushuru 123 na VAT 153. Yaani shilingi 276 zimekwenda serikalini. Tozo ya simu za intaneti ni malipo ya pili juu ya MB zilezile.

Halafu pima simu yako. Ndani ya WhatsApp fungua mipangilio, nenda kwenye hifadhi na data, kisha matumizi ya mtandao. Rudisha takwimu kwenye sifuri, ongea dakika 10 kwa sauti tu, kisha soma upande wa simu. Jumlisha zilizotumwa na zilizopokelewa. Wengi husahau kwamba bando linakatwa pande zote mbili. Kwa kawaida utapata kati ya MB 0.3 na 0.7 kwa dakika. Ukiona zaidi ya hapo, huenda video iliwashwa katikati. Rudia mara tatu, kwa nyakati tofauti za siku, uchukue wastani.

Sasa gawa bei ya bando lako kwa MB zake. Tuseme shilingi 1,000 zinakupa MB 500: MB moja ni shilingi 2. Dakika 10 zikila MB 5, simu imegharimu shilingi 10. Ikiwekwa tozo ya shilingi 100 kwa siku, anayepiga simu moja ya namna hiyo atalipa tozo mara kumi ya gharama ya simu yenyewe, na kwa mwaka ni shilingi 36,500. Anayeongea saa nne kwa siku naye analipa 100 ileile. Andika namba hizo kwenye barua yako ya kuipinga, kwa bei halisi za mtandao wako, si za mfano huu.

Majirani wameshapita njia hii. Uganda ilianza Julai 1, 2018 kutoza shilingi 200 zake kwa siku kwa WhatsApp, Facebook na nyinginezo. Watu wakakimbilia VPN, programu zinazoficha unachofanya mtandaoni. Tozo ilifutwa Julai 2021, lakini mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Hapa pana funzo ambalo wapingaji wengi hawalitazami: ukiandika tu "ondoeni tozo ya WhatsApp", unaweza kujibiwa kwa kupandishiwa bando zima. Barua yako ikatae yote mawili kwa maneno ya wazi. Benin iliweka faranga 5 kwa MB mwaka 2018 ikaiondoa ndani ya siku chache. Lebanon nayo ilirudi nyuma Oktoba 2019 watu walipojaa barabarani. Wala hoja ya makampuni kwamba intaneti inawaibia simu si ngeni. Machi 1996, umoja wa kampuni za simu Marekani, ACTA, uliiomba FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, isimamishe uuzaji wa programu za kupigia simu kwa intaneti. Ombi hilo halikukubaliwa.

Na sisi VPN si mlango wa kutokea. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliagiza wanaozitumia wajisajili.

Kabla ya kuandika, jua unachopinga ni nini. Kodi inawekwa na Bunge. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria iliyotungwa na Bunge, au utaratibu uliotiwa nguvu na sheria hiyo. Kwa hiyo tozo ikiwa ndani ya Muswada wa Fedha, kuipelekea TCRA barua ni kupoteza siku. Maoni yanakwenda kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, kwa ajili ya Kamati ya Bajeti, kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo la kuita wadau. Siku ni chache: bajeti inasomwa Juni, sheria inaanza Julai 1. Ikiwa ni kanuni ya waziri, toa maoni rasimu ikiwa wazi. Ikishatoka kwenye Gazeti la Serikali, iandikie Kamati ya Sheria Ndogo.

Barua isizidi kurasa mbili. Taja namba ya kifungu, andika neno kwa neno sehemu unayotaka ifutwe, weka jedwali lako la gharama, kisha Ibara ya 18 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kufanya mawasiliano. Majina, kazi, kata na sahihi za wanaounga mkono ziwe kamili; orodha ya namba za simu peke yake haina uzito.

Sentensi moja isikosekane: kwamba hamtetei simbox. Simbox hugeuza simu ya kutoka nje ionekane ya ndani kwa kutumia laini nyingi, na huo ni wizi wa mapato. Anayeuzia umma dakika za kupiga namba za kawaida naye ana leseni yake ya kuomba. Simu ya programu kwa programu haimo humo, na msipoitenganisha nyinyi, atakayewajibu ataichanganya makusudi.

Rasimu mpe mbunge mkononi kabla ya Aprili, akiwa bado jimboni, hata kama namba ya kifungu haijajulikana. Bunge la bajeti likianza, yuko Dodoma, na kutoka Kigoma kumfuata huko ni gharama nyingine.