Kwa mnaoanza kazi ya vinasaba: swali la mama wa Muheza

Kila mwaka, ikifika Julai, maabara yetu inajaa vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wanakuja na makoti meupe mapya ambayo bado yana mikunjo ya dukani, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni lilelile: "Dada, lini tutashika mashine ya kusoma jenomu?" Nawapenda kwa hamu hiyo, kwani hata mimi niliingia nayo. Lakini nikikumbuka miaka yangu kumi na minne kwenye kazi hii, sioni siku ambayo mashine iliniokoa. Naona daftari moja lenye jalada jeusi, na naona mama mmoja wa kijiji kimoja cha Muheza, mkoani Tanga, aliyeniuliza swali ambalo chuo hakikuwahi kuniuliza. Nitawasimulia vyote viwili, wadogo zangu.

Nianze na daftari.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili. Nilikuwa na sampuli 212 za damu ya watoto, iliyokaushwa kwenye vipande vya karatasi ya kuchuja, na kazi yangu ilikuwa kutafuta jeni za vimelea vya malaria kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane. Kila unapofanya PCR unaweka kisima kimoja chenye maji matupu badala ya DNA. Ndiyo kontroli hasi. Pale hapatakiwi kuonekana kitu. Ijumaa moja jioni nikaweka jeli, ule utando laini unaopanga vipande vya DNA kwa urefu, juu ya taa ya bluu, na kwenye njia ya maji ukawaka mstari mzuri, mnene, urefu uleule wa mistari ya sampuli zangu.

Nitawaambia ukweli wa moyo wangu siku ile. Wazo la kwanza lilikuwa kuikata picha ile pembeni, njia ya maji isionekane. Ilikuwa ya mwisho upande wa kulia, na hakuna ambaye angejua. Wakati nafikiri hivyo, msimamizi wangu akaingia kuchukua miwani yake, akaitazama jeli kwa muda, akasema, "Mwanangu, lete daftari."

Hamjaona bado jinsi PCR isivyosamehe, kwa hiyo nieleze. Kila mzunguko wa joto na baridi huzidisha kipande cha DNA mara mbili. Baada ya mizunguko 30, molekuli moja tu imeshakuwa zaidi ya bilioni moja. Na yetu ilikuwa ya hatua mbili, yaani zao la hatua ya kwanza linatiwa kwenye ya pili. Ukifungua kifuniko cha kijichupa chenye zao, chembe zinaruka hewani, huzioni, zinatua kwenye glavu, kwenye pipeti, kwenye meza. Kesho yake ukichanganya viambato, umeshapanda mbegu ya jana. Ndiyo maana maabara inayojiheshimu hutenga chumba cha kuchanganyia na chumba cha jeli, na kitu cha chumba cha jeli hakirudi nyuma.

Wiki tatu tulihangaika. Tukabadilisha maji, tukayeyusha praima mpya (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili), tukafungua boksi jipya la ncha za pipeti, tukapangusa meza kwa jiki mpaka macho yakawasha. Mstari uleule. Mwishowe msimamizi akakaa na daftari langu, akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi siku ya mwisho ambayo maji yalikuwa safi, kisha akasoma mbele taratibu. Akafika kwenye kasentensi nilikokuwa nimekaandika pembezoni: "Pipeti ya 10 imepelekwa kupimwa, nimeazima ya chumba cha jeli." Tukaitoa pipeti ile. Siku ya pili maji yakawa maji.

Kasentensi kale kaliokoa sampuli 212 na shahada yangu. Nilikaandika kwa sababu tu yule mzee alikuwa ametufundisha kuandika kila kitu, hata tunachokiona hakina maana: namba ya boksi la kimeng'enya, tarehe ya kuyeyusha praima, saa umeme ulipokatika na saa jenereta lilipowaka, jina la aliyekusaidia. Andika kwa kalamu ya wino, na ukikosea piga mstari mmoja juu yake ili kilichofutwa kisomeke. Usiandike kwenye glavu wala kwenye kiganja ukisema utanakili baadaye, hutanakili. Na ile picha ya jeli yenye mstari kwenye maji ibandike daftarini kama ilivyo. Mimi yangu ninayo hadi leo. Watu wa kazi hii watakupa sampuli zao, fedha zao na barua ya kukupendekeza kwa kadiri wanavyoliamini daftari lako, na imani hiyo ikivunjika mara moja haiungiki.

Sasa swali.

Baada ya shahada nilipata kazi kwenye mradi mmoja mkubwa. Sitautaja. Kwa miaka miwili nilizunguka vijijini nikikusanya damu, nikitenganisha, nikihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nikipakia kwenye barafu kavu, nikihangaikia vibali na forodha. Sampuli zikasafiri kwenda nje. Makala ilipotoka kwenye jarida lenye heshima, waandishi walikuwa zaidi ya ishirini, na jina langu lilikuwa chini kabisa kwenye aya ya shukrani. Niliumia sana. Nilipotulia nikaona makosa mawili yangu mwenyewe: sikuuliza habari ya uandishi kabla ya kukusanya tone la kwanza, na nilipoulizwa siku moja, "Wewe kwenye data hii ungependa kujua nini?" sikuwa na jibu. Nilikuwa mikono. Mikono mizuri, ila mikono.

Kwa hiyo hilo la kwanza lifanyeni mapema, kwa adabu na kwa maandishi. Barua pepe fupi inatosha: nitafanya hiki na hiki, naomba tukubaliane nani ataandika sehemu gani. Msimamizi mwema hakasiriki. Na hati ya makubaliano ya kuhamisha sampuli isomeni nzima, msiiachie ofisi. Humo ndimo mnamoandikwa nani ana haki ya kuzitumia sampuli, kwa kazi gani, na zikibaki zitakwenda wapi.

La pili ni gumu zaidi, na hapa ndipo yule mama anapoingia.

Mnajua habari za mumiani. Pwani hii mtu mwenye koti jeupe na kichupa cha damu ana historia ndefu ya kuogopwa, na ukiingia kijijini ukaidharau hofu hiyo, umekosea mlango. Mama huyu alikuwa na mtoto wa miaka minne mgongoni. Aliniuliza damu inakwenda wapi na itarudi na nini. Nikaanza kumweleza kwa maneno ya darasani, nikaona uso wake unafunga. Nikaanza upya. Nikamwambia ndani ya kila kiumbe mna maandishi marefu ya herufi nne tu; ya binadamu yana herufi kama bilioni 3, na ya kimelea cha malaria ni mafupi zaidi. Wakati mwingine herufi moja ikibadilika, mambo hubadilika. Nikampa mfano wa selimundu, ugonjwa anaoufahamu: ni herufi moja, pale palipopaswa kuwa A pakakaa T. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Basi hebu niambie. Huyu alipewa dawa mseto, akamaliza zote, akapona. Wiki tatu homa ikarudi, kipimo kikasema malaria. Ni ileile haikufa, au ni nyingine?"

Sikuweza kumjibu. Na mimi ndiye niliyekuwa na vifaa vya kumjibu!

Kwa darubini huwezi kujua, maana vimelea vinafanana. Lakini jeni zao, kama msp1 na msp2, hutofautiana urefu kati ya ukoo mmoja wa vimelea na mwingine. Ukichukua damu ya siku ya kwanza na damu ya siku homa iliporudi, ukazipitisha bega kwa bega kwenye jeli, mistari ikilingana dawa ilishindwa. Ikitofautiana, mtoto ameumwa na mbu mwingine. Kipimo hicho nilikuwa nakifanya kwa mikono yangu mara nyingi, kwa maswali ya watu wengine. Siku hiyo ndipo kilipokuwa changu. Shahada yangu ya uzamivu ilizaliwa kwenye kivuli cha mwembe ule, na tangu hapo sijawahi kukosa la kuandika kwenye andiko la mradi.

Msidhani ni swali dogo. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H kwenye jeni ya kelch13, linalovifanya vichelewe kufa mbele ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, na badiliko hilohilo limeonekana kwetu Kagera. Mama wa Muheza alikuwa anauliza, kwa lugha yake, jambo ambalo wizara za afya zinaliuliza.

Maswali mazuri yanaishi huku huku. Anthony Allison, daktari na mtafiti wa vinasaba aliyekulia Kenya, alikusanya damu huko mwaka 1949 pwani, kando ya Ziwa Victoria na nyanda za juu. Akaona wenye jeni ya selimundu ni wengi pwani na ziwani, na karibu hawapo kule kwenye baridi. Akajiuliza jeni inayoua watoto inadumuje, akalinganisha na mahali penye malaria, na mwaka 1954 akachapisha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. PCR haikuwapo hadi miaka ya 1980. Na ninyi wa kilimo, ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mihogo ulielezwa kwa mara ya kwanza Amani, juu ya milima hiyohiyo ya Muheza, mwaka 1936, na bado unaozesha mihogo ya wakulima. Kazi ingalipo tele.

Jambo jingine, jifunzeni kusoma data wenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama. Wanajua kuandaa sampuli kwa ustadi, kisha faili linatumwa kwa mtu wa mbali, na jibu linarudi likiwa limeshafikiriwa na mwingine. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye mfumo wa Linux, lugha ya kompyuta ya R au Python, na saa moja kila asubuhi kabla maabara haijachangamka. Miezi sita utakuwa unasogea. Huna data? Zipo wazi. Mkusanyiko wa Pf7 wa MalariaGEN, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya malaria, una jenomu za vimelea kutoka sampuli zaidi ya 20,000 za nchi 33, na yeyote anaweza kuupakua. Siku ya kwanza nilipochora grafu yangu mwenyewe na nukta za Tanzania zikakaa upande wao, nilikaa nikiitazama mpaka mlinzi akaja kufunga milango.

Kuhusu ajira sitawaficha. Mikataba mingi ni ya mradi, mwaka mmoja au miwili, na mradi ukiisha friza zinabaki, watu wanaondoka. Anza kutafuta kinachofuata mwaka mzima kabla, wala usione aibu kufanya kazi nje ya utafiti kwa muda. Mkemia Mkuu wa Serikali anahitaji wataalamu wa vinasaba, na tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009. Maabara za mifugo zinawahitaji, hospitali kubwa, vituo vya mbegu. Niliyesoma naye darasa moja sasa anapima virusi vya mihogo, na ana furaha kuliko wengi wetu. Ukienda kusoma nje, nenda, ila kabla ya kuondoka acha mtu mmoja huku ambaye mtaandikiana kuhusu sayansi kila mwezi. Kurudi bila mwenyeji ni kugumu.

Na vitendanishi, yaani kemikali za maabara, viagizeni mapema. Praima itachukua wiki, kimeng'enya kitakwama forodhani, na kikikaa kwenye joto kimekufa hata kama lebo inang'aa. Ukipokea mzigo, andika barafu ilikuwa imebaki kiasi gani.

Nilirudi kijijini kwa yule mama baada ya miaka mitatu, kwenye mkutano wa kijiji wa kurudisha matokeo. Niliandika hotuba yote kwa Kiswahili na kumsomea mama yangu mzazi kwanza. Kila alipokunja uso, nikafuta sentensi. Nikawaeleza kwamba kwa watoto wengi waliorudiwa na homa pale, vimelea vilikuwa vingine kabisa, dawa ilifanya kazi yake. Yeye alikuwa amekaa mbele, mtoto sasa yuko darasa la kwanza. Akanyoosha mkono. "Kwa hiyo ni mbu, si dawa?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Sasa mbona vyandarua vimetoboka vyote, na vipya hatujaletewa?" Mwenyekiti akatazama chini. Nikafungua daftari, nikaliandika swali lake kama alivyolisema, na Jumatatu nikalipeleka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.